Luigi wa Savoia, Mwana wa Mfalme, katika Milima ya Theluji

Mtu akisimama Majengo, katika mji wa Goma, asubuhi ya masika baada ya mvua kubwa ya usiku, na kuelekeza macho upande wa Karisimbi, pengine huona kilele chake kimevikwa weupe kama kitambaa cha altare. Mlima huo una urefu wa mita 4,507, na huko juu mvua huanguka mara nyingi kama mawe madogo ya barafu, au kama theluji yenyewe. Watu wa kale waliufananisha weupe huo na simbi nyeupe, ndipo mlima ukapata jina lake. Jua likipanda, weupe hutoweka. Ifikapo adhuhuri mlima umerudia rangi yake ya jana, na watu waendao sokoni wamekwisha kuusahau.

Lakini weupe ule uliwahi kuua watu. Mwezi wa Februari 1908 Mjerumani mmoja, mtaalamu wa mawe, jina lake Egon Kirschstein, alikuwa akichunguza milima ya Virunga pamoja na msafara wa wapagazi. Juu ya Karisimbi dhoruba ya mvua ya mawe na theluji iliwakuta mahali pasipo na kimbilio. Wapagazi walikuwa watu wa nchi za joto, wamevaa nguo nyepesi, nao walikuwa wamelowa mwili mzima. Watu 20 walikufa huko kwa baridi. Mtu asiyeijua baridi ya milimani hudhani ya kwamba anayekufa kwa baridi hutetemeka na kulia mpaka mwisho. Sivyo. Kwanza hutetemeka, kisha kutetemeka kunakoma, mikono inakuwa kama si yake, akili inapungua, naye hutamani jambo moja tu, yaani kukaa chini na kulala. Akiachwa alale, haamki tena. Ndiyo maana katika milima ya theluji mwenzako akitaka kuketi humbembelezi. Unamshika mkono na kumwendesha kwa nguvu.

Miaka miwili kabla ya msiba huo, mtu mwingine wa Ulaya alikuwa amepanda milima ya Ruwenzori, iliyo katika Kivu hii hii upande wa kaskazini, mpakani mwa Kongo na Uganda. Milima hiyo ina theluji ya kudumu, nayo ni hatari kuliko Karisimbi. Yeye na viongozi wake walifika juu kabisa, wakashuka salama. Alikuwa Luigi Amedeo wa Savoia, mwana wa mfalme, ambaye kwa cheo chake aliitwa Duca degli Abruzzi.

Luigi alizaliwa tarehe 29 Januari 1873 katika mji wa Madrid. Baba yake, Amedeo, alikuwa Mwitalia, lakini wakati huo alikuwa ameketi katika kiti cha ufalme wa Hispania. Ufalme huo ulikuwa umejaa fitina na vita. Mtoto hakuwa ametimiza majuma matatu, baba yake akavua taji kwa hiari yake, akarudi kwao Italia na mke na watoto. Kwa hiyo Luigi alizaliwa mwana wa mfalme, akawa mwana wa mtu aliyeuacha ufalme kabla hajajua hata kucheka. Mwaka 1876 mama yake akafa. Mtoto akaingizwa mapema sana katika kazi za wanamaji, akalelewa melini chini ya amri, kama watoto wa mabaharia wengine. Huko alijifunza mambo mawili yaliyomfaa maisha yake yote: kutii saa, na kuitazama hali ya anga kabla ya kutoa amri.

Bahari ilikuwa kazi yake. Milima ilikuwa mapenzi yake. Kaskazini mwa Italia kuna milima mirefu iitwayo Alpi, ambayo vilele vyake ni vyeupe mwaka mzima. Luigi alipokuwa kijana alianza kuipanda pamoja na viongozi waliozaliwa huko, watu wa kijiji cha Courmayeur katika bonde la Aosta, ambao waliijua theluji kama mvuvi wa Kivu anavyoyajua maji ya ziwa lake. Mkubwa wao alikuwa Joseph Petigax. Hawa hawakuwa watu wa vyeo, lakini mlimani neno lao lilipita neno la mwana wa mfalme. Kiongozi akisema turudi, walirudi, na mwana wa mfalme akafuata.

Yafaa msomaji aelewe kwanza hatari yenyewe ni ipi, maana theluji ikitazamwa kwa mbali ni kitu cha upole. Haina sauti, nayo huanguka polepole kama manyoya ya kuku. Lakini huanguka tabaka juu ya tabaka. Tabaka la zamani huyeyuka kidogo kwa jua la mchana, huganda usiku, likawa gumu na laini kama sahani. Kisha theluji mpya huja na kulala juu yake bila kushikamana nalo. Mteremko ukiwa mkali na mzigo ukizidi, tabaka lote la juu laweza kukatika kwa mara moja. Watu wa Kivu wameona udongo wa mlima ukiporomoka baada ya mvua za siku nyingi, ukichukua migomba na nyumba. Theluji huporomoka vivyo hivyo, ila yenyewe hukimbia zaidi, mbio kupita gari, na hewa inayosukumwa mbele yake yatosha kuvunja miti. Wala haihitaji tetemeko la nchi ili kuanza. Mara nyingi aliyeiamsha ni yule yule iliyemfunika, kwa mguu wake mwenyewe.

Poromoko hilo likisimama, theluji iliyokuwa nyepesi kama unga hugandamana mara moja kama saruji. Aliyefunikwa hawezi kuinua hata kidole. Pengine hajui juu ni wapi na chini ni wapi. Akitolewa upesi, kabla ya robo saa kupita, wengi hupona. Akikawia zaidi, wengi hufa kwa kukosa pumzi. Kwa hiyo wenyeji wa Alpi wana desturi zao. Theluji nyingi ikiisha kuanguka, hawapandi siku ile wala ya pili yake, hata kama anga ni safi na jua linang'aa. Mahali pa hatari hupapita alfajiri, wakati kila kitu kimegandishwa na baridi ya usiku, nao hutaka wawe wamekwisha kushuka jua lisijapata nguvu. Tena huutazama upepo umepuliza upande gani, kwa sababu upepo huzoa theluji upande mmoja wa mlima na kuilundika upande wa pili, na lundo hilo ndilo lenye hila.

Si mbali na nchi ya viongozi hao kuna njia ya kale inayovuka Alpi, mahali penye kimo cha mita 2,469. Katika karne ya kumi na moja Mtakatifu Bernardo, padri wa Aosta, alijenga pale nyumba ya wasafiri, na watawa wake waliikaa vizazi kwa vizazi. Siku za dhoruba walitoka na mbwa wakubwa na fimbo ndefu, wakichoma theluji huku na huku kumtafuta aliyefunikwa. Watawa wengine walikufa katika kazi hiyo. Mwaka 1923 Papa Pio XI, ambaye ujanani mwake alikuwa mpanda milima hodari, alimtaja Mtakatifu Bernardo kuwa msimamizi wa watu wa milimani. Papa huyo hakusema juu ya mambo aliyoyasoma vitabuni tu, maana mwaka 1889, alipokuwa bado Padre Achille Ratti, alipanda Monte Rosa kwa upande wake wa mashariki, ambapo miaka minane kabla yake poromoko la theluji lilikuwa limewaua watu watatu, akalala usiku mmoja juu ya jiwe karibu na kilele.

Tumrudie Luigi. Mwaka 1894, akiwa na umri wa miaka 21, alipanda mlima Matterhorn pamoja na Mwingereza maarufu Albert Mummery, ambaye wakati ule hakuna aliyemzidi kwa ushujaa wa kupanda. Mwaka uliofuata Mummery akaenda Asia, kwenye mlima Nanga Parbat, akaingia katika bonde la theluji pamoja na askari wawili Wagurkha. Hawakuonekana tena, wala miili yao haikupatikana. Hudhaniwa ya kuwa poromoko liliwafunika wote watatu. Kijana wa Savoia alikuwa amefungwa kamba moja na mtu yule mwaka mmoja tu uliopita. Alijua tangu hapo ya kwamba ushujaa hauizuii theluji.

Mwaka 1897 alivuka bahari mpaka Alaska, akapanda mlima Saint Elias wenye mita 5,489, ambao hakuna mtu aliyekuwa amefika juu yake. Walitembea majuma mengi juu ya mto wa barafu. Theluji iliwaangukia karibu kila siku, na kutoka kuta za milima pande zote mbili walisikia ngurumo za maporomoko usiku na mchana. Hema walizisimamisha katikati ya bonde, mbali na kuta hizo, ingawa chini kabisa ya kuta ndipo penye kujikinga na upepo. Tarehe 31 Julai wote waliopanda siku ile wakafika kileleni. Waliokuwa mbele, waliokata njia kwa shoka, walisimama hatua chache kabla ya mwisho wakampisha bwana wao apite. Huenda ni heshima ya bure, lakini yaonyesha jinsi walivyompenda.

Safari iliyofuata haikuwa na furaha hiyo. Mwaka 1899 Luigi alikwenda na meli yake, Stella Polare, kaskazini kabisa mwa dunia, mahali ambapo bahari yenyewe imeganda na jua halionekani kwa miezi kadhaa. Nia yake ilikuwa kufika penye ncha ya dunia kwa magari yasiyo na magurudumu, yanayovutwa na mbwa. Katika giza la baridi kuu vidole vyake viliganda, na daktari akalazimika kukata sehemu ya vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nyama iliyoganda namna hiyo hufa, nayo isipokatwa huozesha na iliyo hai. Mtu asiye na vidole vizima hawezi kufunga kamba wala kuongoza mbwa katika baridi kama ile, basi Luigi akabaki kambini, akamtuma msaidizi wake, Umberto Cagni.

Cagni na wenzake walifika mbali kuliko watu wote waliowatangulia, tarehe 25 Aprili 1900, wakarudi nusu wafu kwa njaa. Lakini watu watatu waliokuwa wamewasindikiza mwanzoni, kisha wakaamriwa kurudi kambini, hawakufika. Majina yao ni Francesco Querini, Mwitalia wa jeshi la maji. Felice Ollier, kiongozi wa Courmayeur. Na Henrik Støkken, Mnorwe fundi wa mitambo. Kambi ilikuwa karibu kuliko mahali walipokwenda wenzao. Wakatafutwa, wasionekane. Mwaka 1901 watu wakarudi tena katika barafu ile kuwatafuta, wakatoka mikono mitupu. Luigi alipata sifa nyingi Ulaya kwa safari hiyo, na watu walimshangilia. Lakini vifo vile vilikuwa vyake, maana msafara ulikuwa wake. Kila baba na kila mama aliyeuliza habari za mwanawe, swali lilimjia yeye.

Sasa tunafika milima ya kwetu. Habari ya theluji katikati ya Afrika ilikataliwa muda mrefu na wenye elimu wa Ulaya, ambao hawakusadiki ya kuwa penye jua kali kama hili paweza kukaa barafu. Mwaka 1888 Stanley alipokuwa akipita karibu na Ziwa Albert, kijana mmoja alimwonyesha mlima wa mbali na kumwambia ya kwamba umefunikwa chumvi. Stanley akatazama, akatambua ya kuwa chumvi hiyo ni theluji. Wakonjo, wakaao penye miteremko ya Ruwenzori na walio ndugu wa Wanande wa Kongo, hawakuhitaji kuambiwa. Wao wana neno lao la theluji, nzururu, tangu zamani za babu zao. Waliiona kila siku mawingu yalipofunguka, wala hawakwenda kuikanyaga bila sababu.

Wazungu wengi walijaribu kupanda, wakashindwa na mvua, matope na ukungu. Stanley alipokuwa mzee alisema wazi tamaa yake kwamba mpanda milima wa kweli aende akaishughulikie Ruwenzori. Luigi aliposikia hayo, akakata shauri. Mwezi wa Aprili 1906 aliondoka Napoli, akashuka Mombasa, akapanda gari moshi mpaka Ziwa Viktoria, akavuka ziwa, kisha akaenda kwa miguu kupita Fort Portal na kuingia bonde la Mobuku. Aliandamana na Cagni, pamoja na daktari, mtaalamu wa mawe, mpiga picha Vittorio Sella, na viongozi wake wa Courmayeur. Mmoja wa viongozi hao alikuwa César Ollier, mwenye jina la ukoo lile lile la yule aliyepotea kaskazini.

Walipanda kwa siku nyingi katika msitu unaodondosha maji. Kila aliyefika Ruwenzori ataja matope kabla ya theluji. Wakafika Bujongolo, chini ya jabali kubwa lililoinama, karibu mita 3,800 juu ya bahari, wakapafanya kambi. Wapagazi wengi wa nchi za chini wakarudishwa, maana mahali pale hapakuwafaa. Kazi ya huko juu ikashikwa na viongozi wa Alpi na Wakonjo wachache, watu wa mlima wenyewe. Miaka miwili baadaye, juu ya Karisimbi, ilionekana maana ya hesabu hiyo.

Theluji ya Ruwenzori haifanani na ya Ulaya. Kule majira ya baridi huja mara moja kwa mwaka, hapa baridi huja kila usiku na joto kila mchana. Kwa hiyo theluji huyeyuka na kuganda siku zote, ikawa nzito, yenye maji. Juu ya matuta ya vilele kuna jambo la ajabu ambalo viongozi wa Alpi walilisimamia na kulitazama. Katika milima yote ya theluji upepo hujenga kwenye ukingo wa tuta kitu kama upenu wa nyumba, unaotokeza nje na kuning'inia hewani. Anayetembea juu ya tuta haujui, kwa maana kwa juu waonekana kama ardhi imara. Kumbe chini yake hakuna kitu ila shimo. Ukikatika, huanguka pamoja na aliye juu yake. Basi katika Ruwenzori upenu huo ulikuwa umetegemezwa na nguzo nyingi za barafu zilizoshuka kama mitutu, kazi ya maji yanayotiririka mchana na kuganda usiku. Kwa sababu hiyo haukukatika upesi kama ule wa Alpi. Hata hivyo hawakuuamini.

Adui mkubwa alikuwa ukungu. Mlima huo hufunguka saa moja au mbili baada ya mapambazuko, kisha hujifunga mchana kutwa. Siku chache kwanza walipanda mlima wa karibu, unaoitwa sasa Baker, na kutoka juu yake waliona ya kuwa kilele kirefu kuliko vyote kiko mbele zaidi, upande wa magharibi. Wakasogeza kambi penye barafu. Tarehe 18 Juni 1906, asubuhi na mapema, Luigi na viongozi Petigax, Ollier na Brocherel walijifunga kamba moja wakapanda kilele cha kwanza. Mbele yao kilibaki cha pili. Ukungu ulikuwa umerudi, nao wakaingia ndani yake polepole, mmoja akienda na wengine wakishikilia kamba kwa nguvu. Chini ya kilele waliukuta ukuta wa barafu na upenu juu yake, na Petigax ilimbidi apande juu ya mabega ya Ollier ili apate kuukata upenu kwa shoka. Wakapenya. Huko juu ukungu ulikuwa chini yao. Jua liliwaka, na kote walikotazama palikuwa na bahari ya mawingu, na katika bahari hiyo visiwa viwili tu, kilele walichosimama na kile walichokiacha nyuma.

Luigi aliviita Margherita na Alexandra, majina ya malkia wa Italia na wa Uingereza. Margherita ni mita 5,109, na leo ndipo mahali pa juu kuliko pote katika nchi ya Kongo. Milima mingine aliipa majina ya wasafiri waliotangulia: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi. Mmoja alikusudia kuuita Thomson, lakini wenye elimu wa London wakaupa jina lake yeye. Jambo moja lasikitisha, kwamba majina ya wenyeji, kama Kiyanja na Duwoni, yalisukumwa kando, na majina ya watu ambao wengi wao hawakukanyaga pale yakaandikwa katika ramani.

Picha za Sella zimebaki, nazo zina faida ambayo mpigaji hakuifikiri. Wakati huo mito ya barafu ilifunika katika Ruwenzori kilomita za mraba karibu 7. Wataalamu wa siku hizi wakilinganisha picha zile na mlima ulivyo sasa, waona ya kuwa sehemu kubwa imeyeyuka kwa sababu dunia inazidi kupata joto. Barafu ya Baker na ya Speke imekwisha au karibu kwisha. Penye kilele cha Margherita ingaliko, lakini imekonda na kujaa nyufa, na njia aliyopita Luigi haipitiki tena kama zamani.

Mwaka 1909 alikwenda Asia, kwenye mlima K2, wa pili kwa urefu duniani. Alipanda sehemu tu ya tuta lake, akaona ya kuwa hauwezekani kwa watu wenye mizigo, akashuka. Tuta hilo laitwa kwa jina lake, na kwa njia hiyo Waitalia wawili walifika kileleni mwaka 1954. Alipoacha K2 alijaribu mlima wa jirani, Chogolisa. Theluji ilianguka siku nyingi, na mara kwa mara walilazimika kurudi na kungoja hata ilale na kushikamana. Tarehe 18 Julai 1909 alifika na viongozi wake mita 7,498 hivi. Hakuna mtu aliyejulikana kupanda juu kiasi hicho kabla yake, na sifa hiyo ilibaki kwake mpaka mwaka 1922. Kilele kilikuwa mbele, pungufu ya mita 200. Hapo ukungu ukawafunika. Upande mmoja ulikuwa mteremko wa theluji laini inayoweza kuporomoka, upande wa pili upenu, na katikati njia nyembamba wasiyoiona. Wakaketi juu ya miamba wakangoja. Ukungu haukuondoka. Luigi akatoa amri ya kurudi.

Wengine huko Ulaya waliona ya kuwa ameshindwa. Lakini mwaka 1957 Hermann Buhl wa Austria, aliyekuwa wa kwanza kufika juu ya Nanga Parbat, mlima uliomwua Mummery, alipanda tuta hilo hilo la Chogolisa na mwenzake mmoja. Dhoruba iliwafunga macho, wakageuka. Walikuwa hawakufungana kamba. Mwenzake alitazama nyuma, hakumwona. Aliporudi alikuta nyayo zinatoka katika njia kidogo, kwenda ukingoni, na mahali ambapo upenu ulikuwa umekatika nyayo zilikoma.

Luigi hakupanda tena milima mikubwa. Katika vita kuu ya kwanza aliongoza meli za Italia mpaka mwaka 1917. Mwaka 1920, akiwa na miaka 47, alikwenda Somalia, nchi iliyotawaliwa wakati huo na Italia, akajenga kijiji kando ya mto Shebelle, akachimba mifereji na kulima pamba, miwa na ndizi. Si haki kuficha ya kwamba mashamba ya namna hiyo yalikuwa kazi ya utawala wa kigeni, na wenyeji hawakuwa na nguvu ya kukataa kama watu walio huru. Lakini tofauti na mabwana wengi yeye alikaa pale pale. Mwaka 1928 alifunga safari tena, si ya theluji, bali ya kuifuata Shebelle mpaka chemchemi zake katika milima ya Uhabeshi.

Baadaye akapatwa na ugonjwa usiopona. Madaktari wa Italia walimweleza hali yake. Angeweza kubaki Torino, mji wa jamaa yake, karibu na Alpi, ambako wafalme wa Savoia huzikwa kwa fahari. Hakutaka. Akaaga, akapanda meli akiwa mgonjwa, akarudi kijijini kwake Somalia. Alifariki huko tarehe 18 Machi 1933, mwenye miaka 60, akazikwa kando ya mto kama alivyoagiza. Kijiji hicho leo chaitwa Jowhar. Nchi yake ni tambarare na ya joto, mto hupita polepole wenye rangi ya udongo, na mtoto azaliwaye pale aweza kuishi hata uzee bila kuona theluji.